Roboti ya pipeti au bakteria wanaojiendesha: maabara ndogo ichague lipi?

Namba 0.6 imeniharibia jioni nyingi. Ukiwaotesha bakteria wa E. coli wakutengenezee protini kwa njia tuliyofundishwa wengi wetu, kila baada ya nusu saa unachota mchuzi kidogo kwenye chupa, unapima ukungu wake, unarudi kukaa. Kipimo hicho cha ukungu, kiitwacho OD600, kikifika 0.6 hivi, unatia IPTG, kemikali inayoifungulia jeni yako mlango. Ukiwahi, bakteria bado wachache na mavuno yatakuwa haba. Ukichelewa, wameshaanza kuchoka. Nao hawajali daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi: kwenye nyuzi joto 37 na chakula cha kutosha wanaongezeka maradufu kila dakika 20 au 30, kwa hiyo aliyetoka kunywa chai kwenye 0.4 anaweza kurudi akakuta 0.9.

Kazi kama hiyo ndiyo watu wanayotaka kuitua wanapoanza kuzungumzia maabara inayojiendesha. Njia ziko mbili. Moja ni kununua mkono: roboti ya kuhamisha vimiminika, inayoshika pipeti (kifaa cha kunyonya na kudondosha matone) badala yako na kufuata programu uliyoiandika. Nyingine ni kuwapa kazi bakteria wenyewe: kwa biolojia sintetiki unawapachika jeni na swichi za kuziongoza, ili hatua iliyokuwa ikifanywa na mtu ifanyike ndani ya chupa bila kuguswa. Mwaka huu nimeulizwa mara tatu na watu wa maabara ndogo, wenye fedha ya kitu kimoja tu, waende na ipi. Niliwapa majibu matatu tofauti kwa sababu ileile moja. Roboti inajua mahali, haijui wakati. Bakteria wanajua wakati, hawajui mahali.

Yaani hivi: ukiiambia roboti iweke mikrolita 5 kwenye kishimo cha C7 cha sahani ya majaribio, itaweka C7, leo na kesho na keshokutwa, bila kupiga miayo. Lakini haina habari kama kilichomo C7 kimekomaa, labda uiunganishie kipimaji, inkubeta na mtikisaji, na hapo bei inapanda kutoka maelfu ya dola kwenda mamia ya maelfu. Bakteria kwa upande wao wanaonja sukari, wanahisi njaa, wanajua hata wako wangapi. Ila hajazaliwa bakteria wa kubeba tone kutoka chupa hii kwenda ile.

Kuwasha jeni: hapa roboti haina lake

Nianze na ile 0.6, maana ndiyo kazi ambayo nimeona watu wakitaka kuinunulia roboti wakati dawa yake ni sukari.

Bakteria anayetumika sana, BL21(DE3), ni kiumbe aliyekwishaundwa tangu 1986, pale F. William Studier na Barbara Moffatt wa Brookhaven, Marekani, walipompachika jeni ya polimerasi (kimeng'enya cha kusoma jeni) ya T7, faji yaani kirusi cha bakteria, na kuifungia kwa swichi ya laktosi, sukari ya maziwa. Swichi ikifunguka, polimerasi inatoka, inakwenda kusoma jeni yako. IPTG inaigiza laktosi, basi. Miaka mingi baadaye Studier aligundua kwamba baadhi ya michuzi yake ilikuwa ikiwasha jeni bila ruhusa usiku, na chanzo kilikuwa laktosi kidogo iliyokuwa imejificha ndani ya viambato vyenyewe. Mwingine angebadilisha muuzaji akaendelea na maisha. Yeye aliugeuza mkosi ule kuwa mapishi, akayachapisha mwaka 2005: glukosi asilimia 0.05, laktosi asilimia 0.2, gliseroli asilimia 0.5.

Kinachotokea ndani ya chupa ni hiki. Bakteria huanza na glukosi, na wakati ipo hawagusi laktosi, kama mtoto aliyewekewa pilau na mchicha. Wanaongezeka tu. Glukosi ikiisha, na itaisha pale ambapo wamekuwa wengi, wanageukia laktosi, na laktosi ikiingia ndani ndiyo inayofungua swichi. Gliseroli inawapa nguvu ya kuendelea. Hakuna aliyepima kitu. Unaweka chupa jioni, unakwenda nyumbani, asubuhi unakuta seli nyingi kuliko ambazo ungepata kwa IPTG, na zote zimeshawaka.

Roboti ya kufanya hivyo ingehitaji kutikisa, kupasha joto, kupima ukungu kila dakika kadhaa, na kuamua. Zipo. Ila huwezi kunishawishi ulipe bei hiyo kwa kazi inayofanywa na nusu gramu ya glukosi kwa lita.

Kuna sehemu ambazo njia hii inakataa. Protini yenye sumu kwa bakteria huvuja mapema na kuwaua au kuwadumaza. Hapo unahitaji aina yenye plasmidi (kiduara kidogo cha DNA) ya pLysS, inayoishikilia polimerasi isianze mapema, au urudi kwenye IPTG na saa mkononi. Na usiijaze chupa. Bakteria hawa wanataka hewa. Mililita 100 kwenye chupa ya nusu lita, si mililita 400. Nimeona mtu akiilaumu mbegu yake ya bakteria miezi miwili, kumbe ni chupa zilizojaa hadi shingoni.

Kupasua seli

Protini imeshatengenezwa lakini imefungiwa ndani ya bakteria. Desturi ni kuwavunja kwa mashine ya mawimbi ya sauti, sampuli moja baada ya nyingine, juu ya barafu, huku meno yakikuuma kwa ule mlio. Sampuli 24 zinakula asubuhi nzima. Roboti za kawaida za pipeti haziwezi kazi hii. Zinaweza tu kuongeza dawa ya kupasulia, ambayo nayo inanunuliwa.

Upande wa bakteria kuna ufundi ambao ulinifurahisha nilipousoma mara ya kwanza. Faji lambda ana jeni iitwayo R, inayotengeneza kimeng'enya cha kutafuna ukuta wa seli. Ukimpa E. coli jeni hiyo peke yake, hafi: kimeng'enya kinakaa ndani, na utando wa ndani unakizuia kisiufikie ukuta. Ni mwizi aliyeko sebuleni lakini mlango wa stoo umefungwa. Sasa gandisha seli, kisha ziyeyushe. Barafu inatoboa utando, kimeng'enya kinatoka, seli zinafumuka zenyewe. Kundi la Jeff Hasty wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilieleza aina ya namna hii mwaka 2017, wakiitumia kutengenezea juisi ya seli kwa majaribio yasiyohitaji seli hai. Mwaka 2020 kundi la Michael Lynch wa Chuo Kikuu cha Duke likaongeza la pili: bakteria huanza kazi fosfeti ikiisha kwenye mchuzi, na pamoja na kimeng'enya cha kupasua wanatengeneza kingine cha kukatakata DNA. Aliyewahi kupasua seli nyingi anajua kwa nini hilo ni muhimu. DNA ikimwagika, mchuzi unakuwa mlenda kama bamia, haupiti kwenye chujio wala haukai vizuri kwenye pipeti.

Kwa kazi hii sina haja ya kusitasita: bakteria. Umeme ukikatika wakati wa kugandisha hupotezi kitu, unagandisha tena.

Kugawa, kuchanganya, kurudia

Hapa mambo yanageuka kabisa.

Chukua sahani moja ya vishimo 96 ya PCR, njia ya kunakili DNA. Kila kishimo kinataka mchanganyiko, vianzishi viwili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) na sampuli. Ukifanya kwa mkono ni zaidi ya minyanyuko 300 ya kidole gumba, na katikati ya safu ya E mtu anakuita, ukigeuka hukumbuki kama E5 ilishapata sampuli. Biolojia sintetiki haina neno la kusema hapo. Bakteria hawezi kutofautisha mgonjwa wa kishimo cha kwanza na wa pili. Kazi ya mahali ni ya roboti, na roboti za bei ya chini za leo, kama OT-2 ya Opentrons inayoandikiwa maelekezo kwa Python, zimeshusha kiingilio hadi pale ambapo mradi wa kawaida unaweza kufika.

Niseme na yanayouma. Nyingi za bei hiyo hazihisi maji yako wapi: zinashuka hadi kina ulichoandika, na kama mrija una kiputo cha hewa zinanyonya hewa na kuendelea na safari kwa kujiamini kamili. Zinakula ncha za plastiki kama mbuzi anavyokula maganda, na ncha hizo zinatoka nje kwa meli. Kuna mashine ya zamani tuliyoazima, umeme ukakatika ikiwa kwenye safu ya nane. Uliporudi, programu ikataka kuanza mwanzo. Tukabaki tunakodolea sahani, tukiinamisha huku na huku dhidi ya dirisha ili tuone vishimo gani vina maji. Tangu siku hiyo nasema: bei ya roboti ni pamoja na betri ya kuhimili umeme, na mtu mmoja anayeweza kusoma Python bila kuogopa. Usipokuwa navyo, umenunua kabati.

Kuunganisha DNA na kuchagua koloni

Hii ni kazi ya katikati, na ndipo watu wanapotumia fedha vibaya zaidi.

Kuunganisha vipande vya DNA kwa desturi kunahitaji vimeng'enya vya kununua, na kuviandaa kwa wingi ni kazi ambayo roboti inaipenda. Lakini E. coli wa kawaida wa maabara anaweza kuunganisha mwenyewe. Ukimwingizia vipande vya PCR ambavyo ncha zake zinafanana kwa herufi 15 hadi 20, anavishona ndani yake, hata kama jeni ya recA, ya kushonea DNA, imeondolewa. Javier García-Nafría na wenzake wa Cambridge waliiweka njia hiyo sawa mwaka 2016. Hakuna kimeng'enya cha kuunganishia, hakuna kuisubiri mashine. Kwa plasmidi chache kwa wiki sioni sababu ya kununua chochote. Kwa plasmidi mia kwa wiki, roboti iandae PCR, na kushona kubaki kwa bakteria.

Halafu kuchagua. Zipo roboti zenye kamera zinazookota koloni, yaani vichuguu vya bakteria kwenye sahani, ghali sana. Wakati huohuo kuna sumu ndogo iitwayo ccdB, inayokaba kimeng'enya ambacho bakteria anakitegemea kukunjua DNA yake. Weka jeni yake mahali ambapo kipande chako kinatakiwa kuingia. Plasmidi iliyobaki tupu ina sumu, bakteria aliyeibeba anakufa. Iliyopokea kipande imeivunja sumu, inaota. Asubuhi ukifungua sahani, waliobaki karibu wote ni wale unaowataka. Kamera ya nini?

Wanavyokusaliti

Sasa upande ambao wauzaji wa ndoto hawausemi. Roboti ikiharibika inasimama. Bakteria wakiharibika wanaendelea kukua, tena haraka zaidi.

Sababu yake ni ya kiuchumi. Swichi uliyompa bakteria inamgharimu: anatumia nguvu kutengeneza kitu kisichomfaidi. Siku mmoja kati ya mamilioni akipata badiliko la jeni linaloivunja swichi hiyo, anakuwa mwepesi kuliko wenzake, na baada ya vizazi kadhaa chupa yote ni watoto wake. Lingchong You, Frances Arnold na wenzao walionyesha mwaka 2004 bakteria waliojihesabu kwa ishara ya kemikali na kujiua kwa sumu ileile ya ccdB wakizidi idadi. Ni saketi ya jeni nzuri mno, na ndiyo hasa inayomzawadia msaliti, kwa sababu aliyekwepa sumu ndiye anayebaki. Mganda Frederick Balagaddé, akiwa Caltech, alichukua bakteria hao akawafuga kwenye chipu yenye vyumba vya nanolita 16, akachapisha matokeo mwaka 2005: humo ndani saketi iliendelea kufanya kazi kwa mamia ya saa. Wakiwa wachache kiasi hicho, nafasi ya msaliti kuzaliwa ni ndogo. Nadhani hilo ni funzo kubwa kuliko saketi yenyewe, na linatuhusu hata sisi tusio na chipu: anza kila mara kutoka kwenye mbegu iliyogandishwa, usirithishe chupa kwa chupa wiki nzima kama chachu ya maandazi.

Na saketi ngumu bado hazitabiriki vya kutosha. Mwaka 2016 kundi la Christopher Voigt wa MIT lilitoa programu ya kompyuta, Cello, inayobadilisha maelekezo ya mantiki kuwa mfuatano wa DNA. Walijenga saketi 60. 45 zilifanya kazi sawasawa katika kila hali. Kwa mtafiti wa fani hiyo, hayo ni maajabu. Kwa fundi wa maabara anayetaka kazi iishe Ijumaa, robo nzima kuwa na dosari ni nyingi. Kwa hiyo tumia swichi ambazo wengine wamezichosha kwa miaka: laktosi, arabinosi, fosfeti. Usibuni yako kama kazi yako si kubuni.

Pale wanapofunga ndoa

Kuna kazi moja ambayo nadhani kushindanisha hakuna maana, nayo ni kuibadili protini kwa mageuzi. Kwa mkono, raundi moja ya kutengeneza mabadiliko, kupima na kuchagua ni siku kadhaa. Mwaka 2011 Kevin Esvelt, Jacob Carlson na David Liu wa Harvard waliikabidhi raundi hiyo kwa faji M13. Faji anabeba jeni inayobadilishwa lakini amenyang'anywa jeni III, ambayo bila yake watoto wake hawawezi kuambukiza. Jeni III iko kwa bakteria, na inawaka kadiri ile protini ya faji inavyofanya kazi vizuri. Bakteria wapya wanamiminwa kwenye chombo na mchuzi wa zamani unatolewa kwa kasi ambayo bakteria hawawahi kuzaliana humo, ila faji hodari anawahi. Mzembe anaoshwa. Walipata raundi 200 ndani ya siku 8.

Tatizo ni kwamba chombo kimoja ni jaribio moja. Erika DeBenedictis, Esvelt na wenzao wakatumia roboti kubwa ya pipeti kuvihudumia vishimo vingi kwa mpigo: faji wanaamua nani aishi, roboti inagawa chakula, kila mmoja kwenye fani yake. Usiianze hii bila mtu aliyeishi na faji. M13 akitoroka kwenye benchi, kila aina ya bakteria yenye kile kinywele anachopandia itaambukizwa, na utaosha maabara mwezi mzima.

Karatasi na friza

Haraka tu. Mbegu moja ya bakteria unaigawa bure kwa jirani, roboti haigawiki. Plasmidi nyingi zinapatikana kupitia Addgene kwa ada ndogo na mkataba wa matumizi, zikija kwenye kichupa cha jeli. Lakini bakteria walioundwa wana sheria: Kenya, kwa mfano, kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbe chini ya sheria ya 2009, na kibali kinaanza kabla ya kifurushi kutumwa. Roboti haihitaji kibali hicho. Inahitaji kutolewa bandarini. Mbegu zinahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na nakala ya pili kwenye friza isiyotumia laini ileile ya umeme.

Niliowajibu

Aliyeuliza wa pili alitaka kubadili kimeng'enya kwa mageuzi, ana watu wawili na chumba kimoja. Nilimwambia asinunue chochote kwanza, aende akakae miezi mitatu kwenye maabara inayofuga faji.

Wa tatu anapima virusi vya mihogo: sahani nne hadi sita za PCR kwa siku wakati wa msimu, sampuli zinatoka shambani na namba zake, na kosa moja la mahali linamaanisha mkulima anaambiwa ang'oe miche mizima. Roboti, na betri yake, wala hatukuzungumza zaidi ya dakika kumi.

Wa kwanza alikuwa dada mmoja anayetengeneza Taq, kimeng'enya cha kunakilia DNA kwenye PCR, ya kutumia yeye na majirani, na alishapata hati ya bei ya roboti. Kazi yake nzima ni lita mbili za mchuzi kwa wiki. Taq inavumilia joto, kwa hiyo akishapasua seli anazichemsha kwenye nyuzi 75, protini nyingine zinaganda na kuzama, Taq inabaki juu. Kilichokuwa kinamtesa ni 0.6 tu. Nikamwandikia mapishi ya Studier nyuma ya hati ileile. Siku hizi chupa zinaingia kwenye mtikisaji saa kumi jioni, anaondoka na basi la saa kumi na moja. Asubuhi bado anapima OD600 kabla hajavua hata mkoba, kwa mazoea. Jumatatu ilisoma 11.